Katika mbio za baridi, akiba ya nguvu ndiyo blanketi

Watu wengi wanaokimbia asubuhi kwa ajili ya afya huamini kwamba baridi ni rafiki wa mkimbiaji. Imani hiyo ina ukweli wake. Mtu anapokimbia kwenye jua kali la Mombasa au Kisumu, moyo wake hulazimika kupeleka damu sehemu mbili kwa wakati mmoja: kwenye misuli inayofanya kazi, na kwenye ngozi inayotoa joto nje. Hewa inapokuwa na ubaridi wa wastani, kazi hiyo ya pili hupungua na mtu hujihisi mwepesi.

Hata hivyo, ubaridi wa wastani kwenye barabara ya lami ni jambo moja, na baridi ya mlimani iliyoandamana na upepo, mvua na matope ni jambo jingine kabisa. Mnamo Mei 22, 2021, wakimbiaji 172 walianza mbio za kilomita 100 milimani katika mkoa wa Gansu, nchini China. Kufikia adhuhuri walikuwa wamekumbwa na upepo mkali, mvua na mvua ya mawe wakiwa sehemu ya juu ya njia, mbali na barabara, wengi wao wakiwa wamevaa kaptura na fulana. Watu 21 walifariki, wakiwemo wanariadha hodari waliokuwa mstari wa mbele. Mchungaji mmoja aliyekuwa karibu aliwaokoa sita kwa kuwapeleka pangoni na kuwawashia moto.

Tukio hilo lilitokea mwezi wa Mei, si katikati ya majira ya baridi. Na waliofariki hawakuwa watu dhaifu. Ni vyema basi tujiulize: ni kitu gani humfanya mtu mwenye siha njema ashindwe na baridi akiwa mbioni, na je, anaweza kujikinga kwa namna anavyokimbia?

Somo hili linahusu mbio za vijia vya milimani zinazofanyika katika majira ya baridi. Huko Ulaya na Marekani Kaskazini mbio hizo huwavutia maelfu ya wakimbiaji wa ridhaa, na Mkenya anayesoma au kufanya kazi huko huenda akaalikwa na wenzake kushiriki. Hata kwa aliyebaki nyumbani, somo hili lina faida. Anayepanda vilima vya Ngong mwezi wa Julai, au anayekwenda Aberdare na Mlima Kenya, hukutana na adui yuleyule.

Joto la mwili hutoka wapi?

Mwili wa binadamu hufanya kazi vyema ukiwa na joto la karibu nyuzi 37 za Selsiasi. Joto hilo likishuka chini ya nyuzi 35, mtu huwa ameingia katika hali ambayo madaktari huiita hipothemia, yaani mwili kupoa kupita kiasi. Hali hiyo isipotibiwa haraka huathiri akili, moyo na hatimaye uhai.

Mtu anapokimbia, misuli yake huchoma chakula ili kupata nishati. Lakini katika kila sehemu nne za nishati hiyo, ni kama sehemu moja tu inayomsukuma mbele. Sehemu tatu zilizosalia hugeuka kuwa joto. Kwa hivyo mkimbiaji ni kama jiko la makaa: maadamu makaa yapo na yanawaka, upepo wa mlimani haumtishi sana. Ndiyo maana mtu anaweza kukimbia akiwa na fulana na glavu tu mahali ambapo watazamaji wamejifunika makoti mazito.

Taabu huanza makaa yanapopungua. Mkimbiaji aliyeishiwa nguvu hupunguza mwendo, kisha huanza kutembea, na joto analozalisha hupungua papo hapo. Wakati huo nguo zake zimelowa jasho na mvua, na maji huondoa joto mwilini takriban mara 25 zaidi ya hewa tulivu. Upepo nao hupeperusha joto kidogo lililobaki. Yule aliyekuwa akitiririkwa na jasho nusu saa iliyopita sasa anatetemeka. Kutetemeka kwenyewe ni kazi ya misuli, kazi inayokula akiba ileile aliyokwisha kuimaliza.

Hapo ndipo lilipo fundo la somo hili. Katika mbio za barabarani, anayeanza kwa kasi mno huadhibiwa kwa kuchelewa kufika. Katika mbio za baridi milimani, huadhibiwa kwa kupoteza joto. Kugawa nguvu vizuri si suala la nafasi na medali pekee. Ni suala la usalama.

Akiba yenyewe ni ndogo

Mwili huweka akiba ya wanga katika misuli na ini, akiba inayoitwa glaikojeni. Kwa mtu mzima wa kawaida, akiba hiyo ni kama gramu 400 hadi 500, sawa na karibu kalori 2,000. Mafuta ya mwilini ni mengi zaidi. Hata mtu mwembamba anayo ya kumtosha kwa siku kadhaa. Tofauti ni kwamba mafuta huchomeka polepole.

Mtu akienda mwendo wa wastani, mwili hutumia mafuta kwa wingi na kuihifadhi glaikojeni. Akikaza kasi hadi akaanza kuhema, mwili hauwezi tena kuyasubiri mafuta, nao huikimbilia glaikojeni. Kwa kasi kubwa akiba hiyo inaweza kwisha kwa muda wa saa mbili hivi. Mtu anayekimbia mbio za saa 10 na ambaye ametumia sehemu kubwa ya akiba yake katika saa ya kwanza, ni kama mfanyakazi aliyemaliza mshahara tarehe tano. Mwezi uliobaki ataushi kwa mikopo.

Na mabingwa wetu je?

Huenda msomaji akauliza: mbona mabingwa wetu huchomoka mapema na bado hushinda? Mfano ni John Ngugi, aliyetwaa taji la dunia la mbio za nyika mara tano. Katika Olimpiki ya Seoul mwaka wa 1988, aliwaacha wenzake mapema mno katika fainali ya mita 5,000, na hakuna aliyemfikia hadi mwisho. Taji lake la tano la nyika alilinyakua mjini Boston, Marekani, Machi 1992, kwenye uwanja uliokuwa na theluji.

Jibu ni kwamba mbio hizo za Boston zilikuwa za kilomita 12 hivi, nazo zilimchukua Ngugi kama dakika 37. Kwa muda huo mfupi, akiba ya wanga haiwezi kwisha kwa mtu aliyekula vizuri, na jiko huwaka kwa nguvu tangu mwanzo hadi mwisho. Isitoshe, anapomaliza, nguo kavu na watu wa kumhudumia wako hatua chache tu. Mkimbiaji wa ridhaa aliye mlimani usiku, akiwa na kilomita 40 mbele yake, hana hata moja kati ya hayo. Akiiga mbinu ya bingwa huyo atakuwa ameiga mwanzo wake tu, wala si mwisho wake.

Tuchukue mfano halisi

Ili tusibaki na maneno ya jumla, tuzitazame mbio mashuhuri za Ufaransa zinazoitwa SaintéLyon. Mbio hizo, ambazo historia yake ilianza miaka ya 1950, huanzia mji wa Saint-Étienne na kumalizikia Lyon. Hufanyika mwishoni mwa Novemba au mwanzoni mwa Desemba, na huanza usiku, karibu na saa sita. Katika miaka ya karibuni umbali wake umekuwa takriban kilomita 78, na jumla ya miinuko ambayo mkimbiaji hupanda ni kama mita 2,000. Kila mtu huvaa tochi kichwani, kwa sababu katika msimu huo jua la Lyon huchomoza karibu saa mbili asubuhi. Hali ya hewa haitabiriki: mwaka mmoja ni matope, mwingine ni barafu au theluji.

Umbile la njia hiyo lina mtego ndani yake. Kilomita chache za kwanza ni za lami, na watu hupita wakiwa kundi kubwa, wamechangamka baada ya kusubiri kwa muda mrefu kwenye baridi. Kisha njia huingia vijiani na kupanda hadi zaidi ya mita 800 juu ya usawa wa bahari, katika vilima vilivyo karibu na kijiji cha Sainte-Catherine. Sehemu hizo za juu, zenye upepo na baridi kali zaidi, nyingi zimo katika nusu ya kwanza. Baada ya hapo njia huteremka kidogo kidogo kuelekea Lyon, mji ulio karibu mita 170 tu juu ya usawa wa bahari, na sehemu za mwisho huwa na lami nyingi zaidi.

Maana yake ni nini? Nusu ya kwanza ina miinuko mikali, baridi na giza, na hakuna mkimbiaji wa ridhaa anayeweza kupata faida kubwa hapo hata akijikaza vipi. Nusu ya pili inakimbilika, lakini kwa yule tu ambaye bado ana miguu. Anayejizuia saa tatu za kwanza hupoteza dakika chache. Anayeishiwa nguvu kilomita ya 50 hupoteza saa nzima au zaidi, akitembea na nguo mbichi alfajiri, wakati ambapo baridi huwa kali kupita nyakati zote.

Hesabu kabla ya kuanza

Kosa la kwanza hufanyika mezani, kabla ya kufunga kamba za viatu. Mtu anayekimbia marathoni kwa saa 4 hujiambia kwamba kilomita 78 ni chini ya marathoni mbili, basi saa 8 zitamtosha. Hesabu hiyo haikujumlisha milima.

Wakimbiaji wa milimani hutumia kanuni nyepesi: kila mita 100 za kupanda huhesabiwa kama kilomita moja zaidi ya tambarare. Mita 2,000 za kupanda ni sawa na kilomita 20. Ukijumlisha na 78, unapata 98. Anayekwenda marathoni kwa saa 4 hutumia karibu dakika 5 na sekunde 41 kwa kila kilomita. Kwa mwendo huo, kilomita 98 ni saa 9 na dakika 17, hata kabla hujaongeza matope, giza, vituo vya chakula na uchovu. Asishangae basi akifika baada ya saa 11 au 12. Na apange chakula, nguo na betri za tochi kwa saa hizo 12, wala si kwa saa 8 za ndotoni.

Saa ya mkononi si mwalimu wako

Barabarani, mkimbiaji hutazama saa yake na kujua kama amekwenda sawa. Vijiani, kilomita moja inaweza kuchukua dakika 6, na inayofuata ikachukua dakika 13, bila nguvu kubadilika. Anayejaribu kushikilia kasi ileile kila mahali atajiua kwenye miinuko na kuzembea kwenye tambarare. Kinachotakiwa kubaki vilevile ni juhudi, wala si kasi.

Kipimo bora cha juhudi ni pumzi. Katika saa za mwanzo, unapaswa kuweza kusema sentensi nzima kwa mwenzako bila kukatizwa na kuhema. Kwenye mwinuko, sentensi fupi yatosha. Ukiona huwezi kutoa zaidi ya maneno mawili, umezidisha, na dawa yake ni kupunguza mwendo mara moja, hata ikiwa watu 100 wanakupita. Wengi kati ya hao utawakuta mbele.

Aidha, usipoteze nguvu kwa kulazimisha kupita watu penye kijia chembamba. Anayetoka njiani ili awapite wengine hukanyaga matope mazito, huteleza, hukaza kasi kwa ghafla, na mwishowe hukutana na msururu mwingine mbele. Subiri njia ipanuke. Haraka haraka haina baraka, na vijiani msemo huo si wa kupamba mazungumzo tu.

Kupanda: tembea bila kuona haya

Wakimbiaji wengi wageni huona aibu kutembea wakati wa mbio. Aibu hiyo haina msingi. Wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Colorado nchini Marekani walichapisha mwaka wa 2016 utafiti uliolinganisha kutembea na kukimbia kwenye miinuko mikali. Waligundua kwamba, kwa kasi ileile, anayetembea kwenye mwinuko mkali hutumia nishati kidogo kuliko anayekimbia. Kwa hivyo, mlima ukisimama, tembea. Inamisha mwili kidogo mbele, piga hatua fupi, na ukitaka sukuma mapaja kwa mikono.

Lakini kutembea si kujikokota. Tembea kwa bidii kiasi cha kubaki na joto. Ukihisi umeanza kupoa, ongeza hatua au vaa jaketi. Kusudi ni jiko liendelee kuwaka kwa moto wa wastani, lisilipuke wala lisizime.

Kuteremka: hapo ndipo miguu huharibika

Mteremko huonekana kama zawadi, kumbe una gharama yake. Mtu akiteremka, misuli ya mapaja hufanya kazi ya breki: hujikaza huku ikivutwa. Kazi ya aina hiyo huumiza nyuzi za misuli kuliko kupanda, na ndiyo huleta maumivu makali ya siku ya pili na ya tatu baada ya mbio. Anayeporomoka mlima wa kwanza kwa mbwembwe huenda akafika mlima wa mwisho akiwa hawezi kukunja magoti.

Penye matope, majani yaliyolowa au barafu, punguza urefu wa hatua, kunja magoti kidogo na weka mguu chini ya mwili badala ya kuutupa mbele. Elekeza mwanga wa tochi hatua tatu nne mbele, si kwenye ncha za viatu. Kumbuka pia kwamba betri hupoteza nguvu haraka kwenye baridi. Ile ya akiba ibebe karibu na mwili ili ipate joto.

Kula kabla njaa haijabisha hodi

Kwa kuwa akiba ya glaikojeni ni ndogo, lazima iongezwe njiani. Wataalamu wa lishe ya michezo hupendekeza gramu 30 hadi 60 za wanga kwa kila saa katika mbio ndefu, na waliozoea huweza kufikia gramu 90. Si lazima uwe umenunua vyakula maalumu vya bei ghali. Ndizi moja ya wastani ina kama gramu 25. Kipande cha mkate kina karibu gramu 15. Kikombe cha chai yenye vijiko viwili vya sukari kina kama gramu 8 hadi 10. Tende tatu nne, viazi vilivyochemshwa na kutiwa chumvi, au mkate uliopakwa jemu vyote hufaa.

Anza kula ndani ya nusu saa ya kwanza, kidogo kidogo, kila baada ya dakika 20 au 30. Usisubiri njaa, kwani ikifika utakuwa umechelewa. Baridi ina hila nyingine: hupunguza kiu. Mkimbiaji hudhani hatoki jasho, kumbe anapoteza maji kwa jasho linalokauka na kwa pumzi. Kunywa mafunda machache mara kwa mara. Hata hivyo, usijilazimishe kunywa maji mengi mno, kwani maji yakizidi hupunguza chumvi ya damu kupita kiasi, na hali hiyo nayo ni ya hatari.

Jambo jingine ambalo watu husahau ni vidole. Mikono iliyokufa ganzi haiwezi kufungua karatasi ya chakula. Wengi huacha kula kwa sababu hiyo tu, na kuacha kula huzidisha baridi. Fungua vyakula vyako nyumbani, uviweke mfukoni tayari, na uvae glavu tangu mwanzo.

Nguo na vituo

Ukiwa mahali pa kuanzia, vaa kiasi kwamba unahisi ubaridi kidogo. Anayeanza akiwa na joto la kutosha atalowa jasho baada ya kilomita tatu. Nguo ya kugusa ngozi isiwe ya pamba, kwa maana pamba hunyonya maji na haikauki upesi. Fulana ya sufu nyepesi au ya polista ni bora, na katika masoko yetu ya mitumba hupatikana kwa bei nafuu. Juu yake vaa au ubebe jaketi jembamba linalozuia upepo na mvua. Kofia inayofunika masikio, glavu, na blanketi jembamba la dharura, lile linalong'aa kama karatasi ya kufungia chokoleti, visikose hata kama mbingu ni safi. Wengi wa waliokuwa kule Gansu walikuwa wamevaa kaptura na fulana tu.

Kituo cha chakula ni mahali pa kuokolewa na pia mahali pa kuponzwa. Mtu aliyelowa akisimama dakika 20 akipiga gumzo, joto lake hushuka, na kutoka tena gizani huwa adhabu. Fuata utaratibu huu: kabla hujafika, amua unachohitaji. Ukifika, vaa jaketi kwanza, kisha kunywa kitu cha moto, jaza chupa, chukua chakula mkononi na utoke ukila huku ukitembea. Dakika tano zinatosha. Lakini ikiwa unatetemeka, usitoke. Badilisha fulana iliyolowa, kula, na uondoke tu baada ya kupata joto.

Dalili za hatari

Hipothemia ina ujanja wa kuanzia kwenye akili, hivyo mgonjwa aghalabu hajitambui. Ni wajibu wa wakimbiaji kuchungana. Mtazame mwenzako uone kama:

- anatetemeka bila kuweza kujizuia;

- anashindwa kufunga zipu au kushika chupa;

- anajikwaa mara kwa mara penye njia nzuri;

- anazungumza kwa kukokota maneno, au anajibu mambo ambayo hukuuliza;

- amekuwa mkali, mzito au asiyejali, ilhali si kawaida yake.

Mtu aliyekuwa akitetemeka akiacha ghafla ilhali bado yuko kwenye baridi, usidhani amepata nafuu. Huenda mwili umeishiwa na nguvu za kujipasha joto, na hiyo ni hatari kubwa zaidi. Wengine hufikia hata kuvua nguo wakidai wanahisi joto.

Mtu wa namna hiyo mwondoe kwenye upepo na mvua. Mvue nguo zilizolowa, mvalishe kavu, mfunike pamoja na kichwa, na umtandikie kitu chini kwa maana ardhi hunyonya joto. Akiwa na fahamu kamili na anaweza kumeza, mpe kinywaji cha moto chenye sukari. Usimpe pombe, kwa sababu hupanua mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi na kuzidisha kupotea kwa joto. Usimsugue mikono na miguu. Ita msaada, na ikiwa amechanganyikiwa au fahamu zimempungua, ahudumiwe kwa upole bila kutikiswa na apelekwe hospitalini haraka.

Watu wenye pumu, shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo, kisukari au selimundu wamwone daktari kabla ya kujiandikisha kwa mbio za aina hii. Hewa baridi na kavu huweza kubana njia za pumzi za mwenye pumu, baridi hupandisha shinikizo la damu, na baridi pamoja na uchovu na upungufu wa maji ni miongoni mwa mambo yanayoamsha maumivu ya selimundu.

Zoezi la kujipima

Si lazima uende Ufaransa ili ujifunze kugawa nguvu. Tafuta njia ya mviringo yenye kupanda na kuteremka, ambayo hukuchukua dakika 20 hadi 30. Msitu wa Karura una vijia vya kutosha, na vilima vya Ngong, ambavyo kilele chake kinakaribia mita 2,460, vina upepo wa kukufunza adabu mwezi wa Julai. Usiende peke yako.

Zunguka mara tatu bila kupumzika. Mzunguko wa kwanza uende ukiweza kumsimulia mwenzako kisa kizima. Wa pili uwe wa sentensi fupi fupi. Wa tatu uwe wa maneno mawili matatu. Andika muda wa kila mzunguko. Ikiwa wa tatu umechukua muda mrefu kuliko wa kwanza, ulianza kwa kasi mno, hata kama ulijihisi vizuri. Rudia zoezi hilo kila wiki, ukijizoeza pia kutembea penye mwinuko mkali, kuteremka kwa hatua fupi, na kula bila kusimama. Siku moja ya manyunyu usiahirishe, mradi umebeba jaketi na nguo kavu. Ndiyo siku utakayojua kama vidole vyako vinaweza kufungua mfuko.

Hatimaye, jizoeze jambo moja ambalo halipimwi kwa saa, nalo ni kukubali kujiondoa. Ikiwa umelowa, huwezi kula, unatetemeka na kituo kinachofuata ki mbali, kituo ulichopo ndio mwisho wa mbio zako za siku hiyo. Wazee walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Mbio za mlimani si lazima ziishie hivyo. Aliyejiondoa akiwa mzima atajiandikisha tena mwakani, na mwaka huo atajua ni wapi pa kujizuia na ni wapi pa kukaza mwendo.